Shambulio lisiloandikwa: mwongozo kwa anayeingia kwenye utafiti wa kifafa

Kazi yangu ni kubandika elektrodi vichwani mwa watu. Nimeifanya kwa miaka 16, na 7 ya mwisho nimekuwa katika wodi ambako dawa mpya za kifafa hujaribiwa na ubongo wa mgonjwa hurekodiwa usiku na mchana. Wagonjwa huniita dada, na karibu wote huanza na swali moja: "Dada, hizi nyaya hazitanipiga umeme?" Hazipigi. Elektrodi haipeleki chochote kichwani, inapokea tu. Umeme wa ubongo ukishapenya fuvu na kufika kwenye ngozi huwa umebaki kidogo sana, makumi machache ya sehemu za milioni ya volti moja, na mashine inabidi iukuze mara maelfu ndipo mstari uonekane kwenye skrini.

Swali ninalotamani kuulizwa, na ambalo karibu haliulizwi, ni hili: "Mtajuaje nimepata mashambulio mangapi?" Jibu lake ni kwamba kwa sehemu kubwa tunakutegemea wewe. Majaribio mengi ya dawa za kifafa hupimwa kwa daftari la mgonjwa. Watafiti huhesabu mashambulio kabla ya dawa na baada ya dawa, kisha hulinganisha. Mgonjwa aliyepungukiwa kwa nusu au zaidi huhesabiwa kuwa dawa imemfaa. Sasa fikiria daftari lenyewe likiwa na mashimo.

Na mashimo yapo. Mwaka 2007 watafiti wa Bonn, Ujerumani, Christian Hoppe na wenzake, walichapisha kazi ambayo mimi humsimulia kila mgonjwa mpya. Waliwachukua watu wazima 91 waliolazwa kwa ajili ya kurekodiwa kwa EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, na kwa video, wakawaomba waandike kila shambulio. Mashine zilinasa 582. Zaidi ya nusu ya hayo wagonjwa hawakuyaandika. Yaliyotokea usingizini, takriban 86 katika kila 100 hayakuandikwa. Baadhi ya wagonjwa walikumbushwa kila siku, na hata hao hawakuandika zaidi ya wenzao. Hawakuwa wazembe wala waongo. Shambulio lenyewe hufuta kumbukumbu ya shambulio.

Ndiyo maana mwongozo huu unazungumzia zaidi namna ya kuhesabu, ingawa mimi ni mtu wa mashine.

Kabla ya kusaini

Mara nyingi anayealikwa kwenye utafiti wa dawa mpya ni mtu ambaye dawa 2 zilizochaguliwa vizuri na kumezwa ipasavyo zimeshindwa kumtuliza. Kikomo hicho cha dawa 2 kina sababu. Patrick Kwan na Martin Brodie, wa Glasgow, walichapisha mwaka 2000 matokeo ya wagonjwa waliofuatwa kwa miaka: kati ya wale ambao hawakuwahi kutibiwa kabla, asilimia 47 walitulia kwa dawa ya kwanza, 13 wengine kwa ya pili, na baada ya hapo nafasi ilishuka sana. Kama wewe umebaki upande huo mgumu, huna kosa lolote, na haki yako ya kutafuta njia nyingine ni kamili.

Utafiti wa kawaida wa dawa ya kuongezwa una umbo linalojirudia. Kwanza kuna wiki kadhaa, mara nyingi 8, ambazo hakuna kinachobadilishwa. Unaendelea na dawa zako na unahesabu tu. Kisha unapangwa kwa bahati nasibu: wengine hupewa dawa mpya, wengine plasebo, yaani kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa ndani. Wewe hujui umepewa kipi, na daktari anayekuona hajui. Dozi hupandishwa taratibu, halafu hushikiliwa hapo kwa wiki 12 hivi. Dawa zako za zamani huendelea kumezwa muda wote huo, kwa hiyo aliyepata plasebo haachwi mikono mitupu.

Wiki zile 8 za mwanzo ndizo watu hudharau zaidi. Wanaona utafiti haujaanza. Ukiandika kwa ulegevu mwanzoni, ukapata mashambulio 12 ukaandika 6, kisha baada ya kupewa kidonge ukawa makini na kuandika yote 8 uliyopata, karatasi itasema umeongezeka ilhali kweli umepungua. Dawa nzuri inaweza kuonekana mbaya kwa namna hiyo, na wapo wengi wanaoisubiri.

Fomu ya ridhaa isomwe yote, na uende nayo nyumbani ukaisome pamoja na mtu anayeishi nawe, maana ndiye atakayekuhesabia. Uliza ni kamati gani ya maadili imeipitisha. Uliza namba ya kupiga saa 8 za usiku, na nani atapokea. Uliza dawa ya dharura utakayopewa ukae nayo. Uliza kama dawa ikikufaa utaendelea kuipata utafiti ukiisha. Ukiwa mwanamke unayeweza kupata mimba, sema mapema mipango yako ya uzazi, kwa kuwa dawa mpya huwa haijulikani bado inamfanyia nini mtoto tumboni, na hata miongoni mwa dawa za siku nyingi, valproeti inajulikana kuleta kasoro kwa watoto. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Ila kujitoa si kuacha vidonge ghafla. Hiyo ni hatari kubwa. Hushushwa polepole na daktari.

Daftari

Chukua daftari lenye mistari hata kama mmepewa programu ya simu. Simu huisha chaji, na bibi anayeangalia mtoto huenda hajui kuifungua.

Kaa na watu wa nyumbani kabla ya siku ya kwanza mkubaliane majina. Wagonjwa wengi wana aina zaidi ya moja ya mashambulio, na familia huyaita yote "kifafa" au, vibaya zaidi, huita lile kubwa tu kifafa na mengine "kuzubaa". Yape herufi. Kwa mfano A ni lile la kuanguka na kutikisika mwili mzima. B ni la kukodoa macho, kutafunatafuna na kushikashika nguo bila kuitika. C ni hisia inayopanda kutoka tumboni hadi kooni huku fahamu zikiwa timamu. Hilo la C wengi hulichukulia kuwa dalili tu ya shambulio linalokuja. Ni shambulio kamili, dogo, lililobaki sehemu moja ya ubongo. Liandikwe.

Kwa kila tukio andika saa lilipoanza, liliendelea kwa muda gani kwa saa ya ukutani au ya mkononi (usikisie, hofu huifanya dakika 1 kuwa 10), herufi yake, na nani aliona. Kisha andika kilichotangulia kuonekana. Kichwa kiligeukia upande gani? Mkono upi ulikakamaa kwanza? Aliweza kusema? Aliporudi, ilichukua muda gani kujua yuko wapi? Mwanzo wa shambulio ndio unaotuambia upande gani wa ubongo umeanza, na mwanzo ndio watu husahau kwa sababu macho yote huenda kwenye mtikisiko. Mama mmoja aliniletea daftari ambalo kila mstari ulianza na maneno "amegeukia kushoto, mdomo kushoto". Hakuwa amesomea chochote cha udaktari. Tulipofungua rekodi, miiba, yaani michomo mikali ya mstari inayoashiria kifafa, ilikuwa upande wa kulia wa ubongo, palepale maneno yake yalipoelekeza, kwani ubongo wa kulia huendesha mwili wa kushoto.

Weka safu ya asubuhi. Hii ndiyo inayoziba shimo la usiku, na hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza kwa wagonjwa. Ulimi umeuma au una alama ya meno? Shuka limelowa? Misuli inauma kama mtu aliyebeba mizigo? Kichwa kizito, kumbukumbu ya jana imekatika? Andika "huenda usiku", usiandike "ndiyo", usiandike "hapana". Mtafiti ataamua la kufanya nalo. Na usilifanye kwa ajili ya utafiti peke yake: mashambulio makubwa ya usiku yasiyoonwa na mtu ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kifo cha ghafla kwa mwenye kifafa, kwa hiyo daktari wako anapaswa kujua yapo.

Siku isiyo na shambulio iandikwe "hakuna". Ukurasa mtupu hautuambii kama ulikuwa salama au ulisahau.

Pembeni andika dozi uliyokosa, homa, usiku wa kukosa usingizi, pombe, na kwa wanawake siku ya hedhi. Siombi maelezo marefu. Neno moja linatosha.

Video ya simu ina thamani kubwa, lakini muulize mwenyewe akiwa mzima kama anakubali kurekodiwa, na mkubaliane nani ataiona. Siku ikifika, mlaze ubavu, sogeza vitu vigumu, usimtie kitu mdomoni, usimkandamize. Hayo kwanza. Mtu wa pili ndiye ashike simu. Fungua blanketi, onyesha uso na mwili mzima, usikaribie mno. Mwite jina. Mpe neno moja alikumbuke, kama "jani", umuulize baadaye. Shambulio la kutikisika likipita dakika 5 acha simu ya kurekodi, toa dawa ya dharura mliyoelekezwa na muite msaada.

Siku ya kubandikwa

Osha kichwa usiku uliotangulia au asubuhi hiyo, usipake mafuta wala jeli. Mafuta huzuia umeme kupita, nami nitalazimika kusugua ngozi zaidi, na kusugua kunauma. Nywele za bandia na wigi vitolewe. Kuhusu nywele nene na za kusokota, kwa miaka mingi vipimo vilitengenezwa kana kwamba nywele hizo hazipo duniani, na nimeona watu wakiambiwa wanyoe. Jambo hilo liliniumiza siku zote. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha njia nyingine: nywele zisukwe mistari ya kulala inayoacha njia wazi palepale elektrodi zinapokaa, na vibanio vya umbo maalumu vishikilie elektrodi chini ya misuko. Kwa hiyo usinyoe. Piga simu kabla, uliza mistari ipite wapi.

Nitakupima kwa tepu kutoka mfinyo ulio juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni, kisha kutoka sikio hadi sikio, na kuweka alama za penseli kwa asilimia 10 na 20 za urefu huo. Mpangilio huu ulitolewa na kamati iliyoongozwa na Herbert Jasper na kuchapishwa mwaka 1958, na kwa sababu unafuata asilimia, kichwa cha mtoto na cha mtu mzima hulinganishwa bila shida. Ukiona herufi na namba kwenye skrini, namba witiri ni upande wa kushoto, shufwa ni kulia, na z ni mstari wa katikati. Wagonjwa wangu wakishajua hilo, hukaa wakiangalia mistari yao wenyewe, na uoga hupungua.

Meza dawa zako kama kawaida isipokuwa umeelekezwa vingine. Kula. Kama umeambiwa upunguze usingizi, fanya hivyo, kwani ubongo uliochoka hutoa miiba kwa urahisi zaidi, ila usiendeshe chombo chochote siku hiyo.

Nitakuomba upumue kwa kasi na kwa kina kwa dakika 3. Ukiwa na selimundu, ugonjwa wa moyo, au kiharusi cha karibuni, niambie kabla, hatutafanya. Kwa watoto wenye kifafa cha kuzubaa zoezi hili hufichua mengi: mtoto huacha kuhesabu katikati ya namba, na skrini hujaa miiba na mawimbi yakienda 3 kwa sekunde, sura ileile ambayo Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox waliieleza huko Boston mwaka 1935, miaka 6 tu baada ya Hans Berger wa Jena kutangaza kwamba amerekodi umeme wa ubongo wa binadamu. Sekunde chache baadaye mtoto huendelea na namba iliyofuata. Mzazi aliyekuwa akimgombeza kwa kutosikiliza darasani hukaa kimya. Nimeona hilo mara nyingi, na huwa namshika bega mzazi huyo.

Kipimo cha kawaida cha dakika 20 hadi 30 kikitoka safi, usiambiwe huna kifafa. Kipimo cha kwanza hukosa miiba kwa takriban nusu ya watu wenye kifafa. Ndiyo sababu watafiti hulaza watu kwa siku kadhaa.

Katika wodi

Hapa kamera inakuangalia, maikrofoni inasikiliza, na elektrodi zimegandishwa kwa gundi na kufungwa shashi ili zidumu. Daktari anaweza kupunguza dawa zako ili mashambulio yajitokeze. Hili hufanyika wodini tu, ukiwa na sindano tayari mshipani na muuguzi karibu. Usilijaribu nyumbani ili uje "umeshajiandaa".

Kando ya kitanda kuna kitufe. Kibonye kila unapohisi chochote, hata kama una shaka. Hatukasiriki kwa kitufe kilichobonyezwa bure. Msindikizaji naye akibonye, kisha afanye mambo yafuatayo: aondoe blanketi, awashe taa, asimame upande usioziba kamera, na aseme kwa sauti anachokiona. "Mkono wa kulia umekunjwa. Haitiki." Sauti yake inabaki kwenye rekodi.

Miaka ya mwanzo, nikiwa kituo kingine, nilipoteza shambulio la kijana mmoja kwa sababu ya blanketi. Alikuwa amelazwa siku 5 kutafutwa mahali kifafa chake kinapoanzia, ili aangaliwe kama upasuaji utamfaa. Shambulio lilikuja mara 1 tu, alfajiri, amejifunika hadi kichwani. Mawimbi tuliyapata. Mwili hatukuuona, na bila mwili madaktari hawakuweza kusema kitu gani kilianza kwanza. Alirudi nyumbani na kupangiwa kulazwa upya. Tangu hapo sizimi taa ya wodi kabla ya kuzungumza na kila msindikizaji kuhusu blanketi, na nitazungumza nawe pia. Ukubwa wa jambo hili unaonekana kwenye utafiti wa Samuel Wiebe na wenzake wa Kanada, uliochapishwa 2001: wagonjwa 80 wenye kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo karibu na sikio na kisichotii dawa waligawanywa kwa bahati nasibu, na baada ya mwaka asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa na mashambulio ya kuwavurugia fahamu, dhidi ya asilimia 8 ya waliobaki na dawa. Mlango wa matibabu hayo hupitia kwenye rekodi iliyo wazi.

Mambo madogo huchafua rekodi. Kutafuna hutupa fujo ya misuli inayofunika kila kitu. Kujikuna kwa mwendo wa kujirudia hutengeneza mawimbi yanayofanana kabisa na shambulio. Chaja ya simu kwenye mto wa kulalia huleta mlio wa umeme wa ukutani. Ukiwashwa chini ya elektrodi niite, usijikune, maana ngozi ikichubuka lazima tuitoe. Choo usiende peke yako, hata ukijiona mzima kabisa.

Endelea kuandika daftari humuhumu wodini. Watu huliacha wakidhani mashine inatosha. Ninalihitaji wakati huu kuliko wakati wowote, kwa kuwa hapa tu ndipo tunaweza kulilinganisha na ukweli na kujua unakosa aina ipi. Kijana mmoja aliandika "hakuna" usiku wa kwanza, nasi tulikuwa tumerekodi matatu, yote amelala. Nilimwonyesha video kwa idhini yake. Aliitazama mara 2, akaomba kalamu, akaongeza ile safu ya asubuhi mwenyewe.

Ukiruhusiwa, nitalainisha gundi kwa dawa yake na kuzitoa elektrodi moja moja, usizivute. Kaangalie kichwa kwenye kioo, kama kuna kidonda nionyeshe kabla hujaondoka. Muulize daktari kwa maandishi dozi ya usiku wa leo ni ipi, maana ilishabadilishwa ulipokuwa humu. Kisha fungua daftari kwenye ukurasa wa leo, uandike saa uliyotoka na nani atalala karibu nawe usiku huu.